Nyie wa "tia ringi mpya, funga injini", acheni kuunguza pesa za watu

Wakuu, leo sibembelezi mtu. Kila anayeuliza namna ya kujenga injini ya bei nafuu kwa bloku ya kiwanda anajibiwa yaleyale: bloku haina shida, tia ringi (za pistoni) na beringi mpya, tafuta kamshafti kali (mhimili unaofungua vali), funga. Injini ikianza kunywa oili, lawama kwa ringi "feki".

Ringi zina kosa gani? Silinda iliyotumika huliwa zaidi kule juu, ringi ya kwanza inapogeukia, kuliko chini. Pimeni kwa geji ya silinda juu, katikati na chini, kila sehemu mara mbili: kufuata urefu wa injini, kisha upana wake. Tofauti ikikaribia 0.1 mm hiyo ni ya kuboa, yaani kupanua tundu kwa mashine, na kuvishwa pistoni za ovasaizi, kubwa kuliko za kiwanda. Kuipitishia honi tu, yale mawe ya kusugua ukuta wa silinda, ni kupaka poda kwenye kidonda. Na pistoni zinunuliwe KABLA ya kuboa, maana tundu hufuata pistoni iliyo mkononi, si namba ya kwenye boksi.

Kinachonichefua kuliko vyote ni kuosha. Bloku imetoka kuhoniwa, inapulizwa upepo, inafutwa kwa petroli, inafungwa! Petroli hulainisha mafuta tu, ule unga wa jiwe la honi unabaki umejichimbia kwenye mikwaruzo, na ndio utakaozila hizo ringi. Maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ngumu, mpaka kitambaa cheupe chenye oili kitoke cheupe. Mara ya nne bado kijivu? Rudia. Kausha na upake oili papo hapo, kutu haisubiri. Plagi za njia za oili zifunguliwe zote, uchafu uliojificha humo unaenda moja kwa moja kwenye beringi.

Mwanya wa ringi, ile nafasi kati ya ncha zake mbili, nao hakuna anayeupima. Kwa injini ya barabarani isiyo na tabo (turbo), ringi ya juu inahitaji kama 0.4 mm kwenye silinda ya 100 mm. Isukume ndani kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha upime mwanya kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mwanya ukizidi kidogo unapoteza nguvu kidogo. Ukipungua, ncha zinagusana injini ikipata moto, ringi inakwangua ukuta na pistoni inamegeka.

Halafu kuna wanaookota kepu za beringi kuu, vifuniko vinavyoishika kranki kwenye bloku, kutoka bloku nyingine. Tundu la kranki lilichongwa kepu zikiwa zimefungwa kwenye bloku yake! Zitieni namba na mshale kabla ya kufungua.

Hiyo kamshafti kali mnayoisifia, kama ni ya tapeti bapa (zisizo na rola), injini ikiwaka tu ishikeni kwenye mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20. Ikiachwa sailensa, yaani inguruma bila kukanyagwa mafuta, kranki hairushi oili ya kutosha juu, na vidole vya kamshafti vinalika siku hiyohiyo.

Mtu akiuliza tena humu, mwombeni kwanza vipimo vya silinda. Hana? Akapime, ndipo mfungue midomo.