Picha zangu za Dar zimekwama ghalani, kisanduku cha thamani nijaze nini?

Kutoka: Mchoraji wa Temeke (Birmingham, sasa nipo Dar)

Ndugu zangu, habari za huko. Nipo nyumbani tangu Jumatatu ya wiki iliyopita na mzigo wangu umekwama. Ni turubai sita tu, nimezichora mwenyewe kwa rangi za mafuta, zimeviringishwa ndani ya bomba moja la plastiki. BL (hati ya kusafirishia mzigo kwa meli) ninayo, TIN (namba ya mlipakodi) ninayo, wakala ninaye. Leo ofisi moja ya mizigo imenirudishia fomu mara ya pili. Ya kwanza niliandika "picha za kuchora, 6, si za kuuza", wakataka risiti ya kununulia. Nimenunua kwa nani wakati mchoraji ni mimi? Wakasema basi eleza kila picha ni ya nini na thamani yake imetoka wapi. Nikakaa kwenye benchi, nikaeleza kweli:

Picha ya 1. Kivukoni, pantoni la alfajiri. Marehemu baba alikuwa fundi bomba Kigamboni, na shule zikifungwa alikuwa akinichukua. Mlango wa chuma unashuka kwenye zege, wanawake wenye ndoo wanatangulia kabla ya magari. Baba nimemchora mgongo tu, kwa sababu siku zote nilikuwa nyuma yake, nimeshika pindo la shati.

Picha ya 2. Gerezani, muuza kahawa. Babu alinituma nikamwite, nami sikumwona, nilimfuata kwa mlio wa vikombe mtaa hadi mtaa mpaka nikapotea. Ndiyo maana kwenye picha birika liko mbali, vikombe viko karibu.

Picha ya 3. Daraja la Selander, maji yamekupwa, mikoko imesimama kwenye tope jeusi. Mwaka 1991 basi letu liliharibika pale, tukashushwa, nikaitazama bahari kwa mara ya kwanza bila kuharakishwa.

Sikufika ya 4. Karani akaniambia kisanduku kinataka namba.

Swali langu: nani amewahi kuingiza kazi ya mikono yake kama mali binafsi, na kwenye thamani aliandika nini? Ghala linahesabu kila siku inayopita. Mama anaisubiri ya 1. Picha nimeziambatisha.

Kutoka: Kaka wa Reading

Pole sana dada. Kwanza hakikisha wakala ameandika namba ya forodha 9701, yaani picha iliyochorwa yote kwa mkono. Wangu aliniandikia 4911, ambayo ni ya picha za kuchapwa, na kuibadilisha kulinila wiki tatu. Huku Uingereza 9701 haina ushuru wa forodha, unalipa VAT ya asilimia 5 badala ya 20.

Kutoka: Mama wa Columbus

Kaka, soma vizuri. Dada anaingiza Dar, hatoi Dar. VAT ya Uingereza itamsaidia nini?

Dada, mimi 2019 nilileta nusu kontena: magodoro, friji, cherehani ya marehemu mama mkwe. Niliandika "vyombo vya nyumbani vilivyotumika" ikapita, ila nilikuwa narudi kuishi. Wewe umejaza mkazi au mgeni? Kama ni mgeni, andika tu picha za Tingatinga, hizo kila karani anazijua na bei zake anazijua.

Kutoka: Mchoraji wa Temeke

Mama, shikamoo. Siwezi. Zangu si Tingatinga. Ile ina wenyewe, walioanzia Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960 na rangi za baiskeli juu ya mbao. Siwezi kuazima jina la Edward Saidi Tingatinga ili nivuke geti.

Nimejaza mgeni. Pasi yangu ni ya Uingereza. Nilijaza neno hilo nikiwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumba niliyozaliwa, na mkono ulikuwa mzito.

Kutoka: Mzee wa Kinondoni (Minneapolis)

Hapo ndipo ninaposema kila siku. Sheria ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje imepitishwa 2025 na watu wakapiga makofi, lakini hadhi maalumu siyo uraia. Mtoto wa Temeke bado anajaza mgeni.

Halafu binti yangu, nimetazama ya 3. Bahari iko tupu. Daraja la Tanzanite liko wapi? Tangu 2022 huwezi kusimama Selander usilione. Na pale pantoni wa zamani tukipaita Magogoni.

Kutoka: Kaka wa Reading

Mzee, uraia pacha una uzi wake. Hapa tunaongelea forodha.

Dada, ipo njia ya kuingiza kwa muda. Unaweka dhamana, mzigo unakaa mpaka miezi 12, kisha unautoa nchini.

Kutoka: Mchoraji wa Temeke

Mzee, ahsante kwa kunitazamia. Magogoni nakubali, nitasahihisha nyuma ya turubai. Daraja siliongezi. Siku ile halikuwepo. Nikilichora, aliyesimama pale kando ya basi atakuwa mtu mwingine, siyo mimi.

Kaka, ahsante. Tano zinaweza kuingia kwa muda. Ya 1 haitoki tena.

Kutoka: Binti wa Magomeni (Oslo)

Wakubwa shikamooni. Forodha siijui. Nilifungua ya kahawa nikiwa kazini, nikaona yale makaa chini ya birika, mekundu upande mmoja tu, upande unaopigwa na upepo. Nikaingia stoo nikafunga mlango. Miaka 11 sijasikia vile vikombe. Mchana kutwa nimekuwa navigonganisha vijiko.

Kutoka: Mama wa Columbus

Na kashata mezani haipo. Kahawa ya Gerezani bila kashata?

Kutoka: Mchoraji wa Temeke

Nilishaila, Mama. Kwenye picha nina umri wa miaka saba.

Kutoka: Mzee wa Kinondoni (Minneapolis)

Nimekuelewa kuhusu daraja. Nimeirudia ya 1, nimeikuza mpaka mwisho. Mkono wa kulia baba ana mkoba wa vifaa, spana inachungulia. Wa kushoto ameshika nini? Wakala wako akiulizwa atajibuje?

Kutoka: Mchoraji wa Temeke

Ni viatu vyangu. Vilikuwa vipya vya sikukuu, na pale kwenye ulimi wa pantoni maji ya chumvi yalikuwa yanafika kifundoni. Alinivua kabla hatujashuka, akavibeba yeye.

Kesho saa mbili nitakuwa dirishani tena.