Naomba ushauri: chipu ya kadi ikigoma, nipitishe sumaku?

Habari zenu wakuu. Nina duka la vinyago Mji Mkongwe, Zanzibar, na watalii wengi hulipa kwa kadi. Ikichomekwa sina wasiwasi, maana chipu hutoa msimbo mpya kila malipo. Shida ni pale chipu inapogoma na mashine inataka nipitishe ule mstari mweusi wa sumaku, ambao taarifa zake hazibadiliki na hunakiliwa kirahisi. Mwenye kadi akija kupinga malipo, kinyago kimeshaondoka na hela naweza kukatwa mimi. Tena kadi nyingi za Marekani haziombi hata namba ya siri!

Nyie wenzangu mnafanyaje? Nikatae sumaku kabisa, au niombe pasipoti? Na benki yaweza kuizima hiyo njia kwenye mashine? Kinyago cha mpingo cha laki nane kinauma kukipoteza.