Senario ya Freeciv: pwani yetu 1490–1512. Kusi na kaskazi naziingizaje?

Zamu_Moja (Sinza)
Wakuu, habari za jioni. Naunda senario ya Freeciv 3.0, gemu ya kompyuta ya kujenga dola kwa zamu, juu ya civ2civ3, mojawapo ya seti zake za kanuni: pwani kuanzia 1490 hadi Wareno walipoihama ngome yao Kilwa, 1512. Vitu vitatu vinanigomea. Zamu moja inameza miaka kadhaa, ukikohoa tu 1512 imepita. Vyombo vinakwenda Aden na kurudi mwezi wowote, kama vile pepo hazipo. Tena Kilwa inawatwanga Wareno kila mara. Nimeweka taifa moja la Waswahili, makao makuu Kilwa, na Sofala, Mombasa na Malindi ni miji yake. Dhahabu inatoka Great Zimbabwe. Nianzie wapi? Mashine yangu ni ya RAM GB 4, kwa hiyo msinishauri gemu nzito.

FundiKanuni
Anza na kalenda, mengine yote yanaegemea hapo. Fungua game.ruleset, sehemu ya [calendar]: start_year iwe 1490, fragments (vipande vya mwaka) iwe 4, halafu vipe vipande majina, fragment_name0 mpaka fragment_name3: Kaskazi (Desemba–Februari), Masika (Machi–Mei), Kusi (Juni–Agosti), Demani (Septemba–Novemba). Kisha effects.ruleset, ongeza Turn_Fragments yenye thamani 1, yaani kila zamu isogeze kipande kimoja.

Wengi hukwama hapa: wanaongeza Turn_Fragments na kuziacha Turn_Years zilizokuwemo, zinazosogeza miaka kila zamu. Mbili hizo zinajumlishwa, hivyo miaka inaendelea kuruka na mtu anadhani vipande havifanyi kazi. Futa Turn_Years zote. Ukimaliza, 1490 hadi mwisho wa 1512 ni miaka 23, yaani zamu 92. Zinatosha kwa wikiendi moja umeme usipokatika.

Binti_Upanga
Kabla hujagusa pepo, vunja hilo taifa moja. Hapakuwa na dola ya Waswahili. Kilwa, Mombasa na Malindi kila mmoja alikuwa na mtawala wake, na Malindi aliwapokea Wareno kwa sababu alikuwa na ugomvi na Mombasa. Wafanye wachezaji watatu, Malindi na Mombasa waanze na uhasama. Ukiwaunganisha chini ya mtu mmoja, Mreno hana wa kushikana naye mkono, na bila mwenyeji wa kumpa maji, chakula na rubani kazi yake ni ngumu mno.

Great Zimbabwe 1490 ilikuwa imeshahamwa, yapata nusu karne nyuma. Weka dola ya Mutapa, kaskazini zaidi. Dhahabu ichimbwe bara, ishuke Sofala, ndipo ifike Kilwa. Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la Kilwa, nalo usilifanye ajabu (jengo maalumu) ya kujengwa ndani ya gemu, ni ya karne ya 14 na ilikuwa gofu tayari. Iweke kama magofu kwenye kigae cha ramani. Ukipata nafasi pita Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert uone sarafu za shaba za Kilwa, utapata picha nzuri ya alama ya fedha.

Zamu_Moja
Asante dada, nimeshawatenganisha. Fundi, pepo sasa: nimempa kila mtu nyongeza ya mwendo msimu wa Kaskazi, lakini anaitumia kwenda upande wowote. Tena mtepe, lile jahazi letu la kale, hauongezeki hata hatua moja.

FundiKanuni
Mtepe umeutengeneza kwa kunakili Trireme, chombo cha makasia cha gemu, sivyo? Kwenye civ2civ3 Trireme ina daraja lake la peke yake, siyo Sea la vyombo vingine vya bahari. Nyongeza uliyoifungia Sea haiigusi. Andika nyongeza mbili, moja kwa kila daraja.

Mwelekeo ndiyo kazi. Move_Bonus (nyongeza ya mwendo) haijui chombo kinaelekea wapi, inajua msimu na mwenye chombo. Tumia hivyo viwili. Kila chombo kipewe mwendo wa msingi 3, na msimu wake ukifika ongeza 7. Kipimo hiki si cha kubuni: Vasco da Gama alitoka Malindi 24 Aprili 1498 akatia nanga Calicut, India, 20 Mei. Kurudi aliondoka pwani ya India Oktoba bila kungoja kaskazi, akafika Malindi 7 Januari 1499, karibu miezi mitatu, kiseyeye kikiwa kimewamaliza mabaharia wengi. Bahari ileile, mara tatu na ushei.

Waarabu na Wagujarati wape nyongeza Kaskazi na Masika tu: sharti la Nation (taifa), na MinCalFrag 2 yenye present FALSE, yaani kabla kipande cha 2 hakijafika. Kumbuka hesabu inaanzia sifuri, kwa hiyo 2 ni Kusi. Kilwa ipe Kaskazi ya kushukia Sofala na Kusi ya kurudia. Hizo ni nyongeza mbili tofauti, usijaribu kuzibana kwenye moja.

Halafu ramani: Aden mpaka Kilwa vigae 10, mpaka Sofala 15. Mwarabu anafika Kilwa kwa zamu moja, anageuza Masika, anakunywa kahawa kwao. Akijitia kwenda Sofala mwenyewe, msimu unamwishia njiani na anatambaa vigae 3 kwa zamu. Atajifunza kununulia Kilwa. Hukuhitaji kuipa Kilwa asilimia yoyote ya upendeleo.

Ondoa na ajabu ya Magellan's Expedition, inaongeza mwendo wa vyombo na itaharibu hesabu. Isitoshe Magellan mwenyewe aling'oa nanga 1519.

Nanga_Kigamboni
Wakuu, mkizidi hivi mtatoa somo la historia, siyo gemu. Mchezaji wa Kilwa akijua 1505 inakuja na atapigwa na Wareno, atacheza kwa nini?

Binti_Upanga
Kupigwa si kushindwa, kaka. Badilisha anachogombea. Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, mtawala wake Amiri Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa na ngome ikaanza kujengwa. Mwaka huohuo Wareno wakajenga nyingine Sofala. Hiyo ya pili ndiyo iliyoumiza, kwa sababu aliyekaa Sofala hana haja ya dalali. Alama zihesabiwe kwa dhahabu iliyopita mikononi mwa Kilwa hadi zamu ya 92, siyo kwa nani anashika mji. Mchezaji ana zamu 62 za kujipanga: afungue njia nyingine ya bara, apatane na Mutapa, au atafute rafiki Mombasa.

Kuhusu Kilwa kushinda kila vita: bila shaka umewapa wote teknolojia ya Gunpowder (baruti), inayoleta Musketeers. Hao askari wa bunduki wana uhai 20, Pikemen (wa mikuki) 10. Mnyang'anye Kilwa baruti hiyo. Mombasa iachie kikosi kimoja cha Cannon (mzinga) ulichokiweka kwa kihariri bila kuipa teknolojia yake. Kweli walikuwa na mizinga iliyookolewa kwenye chombo cha Wareno kilichopotea. Kikivunjwa, hakuna kingine. Na mtepe usidai Iron Working (teknolojia ya uhunzi wa chuma), mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi.

FundiKanuni
Meli za Almeida ziingize kwa script.lua (faili la maagizo ya matukio), tukio la turn_begin (zamu inapoanza), zamu ya 63 ikiwa zamu ya 1 ni Kaskazi 1490. Zitokee kusini mwa ramani, vigae vitatu au vinne kutoka Kilwa. Ukizitoa juu ya kigae chenye chombo cha adui utapata hitilafu, kwa hiyo angalia kwanza kama kigae ni kitupu.

Zamu_Moja
Zamu ya 63 imeingia sawasawa. AI (kompyuta) inayoichezea Malindi imewapokea Wareno, ila ya Mombasa imepeleka mtepe Aden katikati ya Kusi na bado uko baharini.