Tupeane uzoefu: umekagua jengo, umekuta kasoro za zimamoto, ukaripoti. Nini kilifuata?

Mkaguzi_Dar (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni usalama mahali pa kazi, kwa hiyo naingia kwenye majengo ya kila aina: viwanda vidogo, hosteli, maghorofa ya ofisi. Kuona kasoro si shughuli. Shughuli ipo kwenye kuiandika na kuipeleka kwa mtu ambaye hana hamu ya kuisoma. Naomba walioripoti kweli watuambie waliripoti nini, kwa nani, na ikaishia wapi.

Naanza. Ghala la kufungashia bidhaa, mlango wa dharura uko nyuma, umepigwa kufuli na ufunguo anao mlinzi wa getini. Getini ni mbele kabisa, yaani moto ukiwaka katikati, ufunguo uko upande mmoja na watu upande mwingine. Nikamuuliza meneja sababu, akasema, "Mali yangu inapitia mlango huo." Na ni kweli alikuwa anaibiwa, alinionyesha hadi daftari la upotevu.

Hapo ndipo ripoti nyingi zinapokufa. Ukiandika "mlango ufunguliwe" basi, umemtaka mtu achague kati ya moto ambao hajawahi kuuona na mwizi anayemfahamu kwa sura. Atamchagua mwizi kila siku. Mimi niliandika hatari yenyewe, kisha nikapendekeza kitasa cha kusukuma: ndani unakisukuma kwa mkono au kwa kifua mlango unafunguka, nje haufunguki, na juu unawekwa king'ora kinacholia ukifunguliwa. Alikifunga kabla ya tarehe niliyompa. Tangu siku hiyo kila nikiandika kasoro ya mlango, naandika na jibu la mwizi.

Matroni_K

Asante kwa kuleta mada hii, kaka. Mimi niko bwenini. Kwetu tatizo lilikuwa nondo za madirisha, zimechomelewa ukutani moja kwa moja, na usiku mlango mmoja unafungwa kwa nje ili wasichana wasitoroke.

Sisi wa Kilimanjaro tumekua tukisikia habari ya Shauritanga. Mwaka 1994 bweni la wasichana liliungua, wakafa zaidi ya 40. Mtu aliyekulia huku hawezi kulala vizuri akijua amefungiwa na watoto wa watu.

Kwenye vikao jibu lilikuwa bajeti, kila muhula. Nikaandika barua kwa mkuu wa shule na nakala kwa mwenyekiti wa bodi, nikaweka picha ya dirisha na picha ya kufuli, na makadirio ya fundi wa kuchomelea. Fundi alisema hakuna haja ya kung'oa nondo zote, anakata fremu mbili kila upande, anaziwekea bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Gharama ikawa ndogo kuliko walivyodhani. Kufuli la nje liliondolewa wiki ileile barua ilipofika kwa mwenyekiti, maana sasa lilikuwa na jina la mtu anayejua. Mimi na mwenzangu tunalala karibu na mlango kwa zamu. Watoro hawajaongezeka.

Mwalimu_Machakos

Hapa Kenya tuna mwongozo wa viwango vya usalama shuleni wa mwaka 2008, na uko wazi kabisa: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, kila upande uwe na mlango na katikati mlango wa dharura, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Haya hayakutoka hewani. Moto wa bweni Bombolulu 1998, wasichana 26 walikufa. Kyanguli 2001, wavulana 67, hapa kwetu Machakos. Kotekote mlango uliofungwa na nondo za madirisha zilitajwa. Na bado mwaka 2024 tukazika watoto 21 wa Endarasha kule Nyeri.

Nilichojifunza: ukiripoti, nukuu kipengele cha mwongozo na uandike kipimo ulichokipata. "Vitanda vimebanana" mtu anaweza kubishana nawe. "Kati ya vitanda ni sentimita 40, kiwango ni 120" hawezi. Mimi huenda na tepu mfukoni. Shule moja ilibidi ipunguze idadi ya wanafunzi wa bweni kwa sababu ya hicho kipimo tu, na wazazi walikasirika sana kwa karo waliyokuwa wamelipa. Niliwaelewa, lakini sikubadilisha ripoti.

FundiUmeme_TZ

Mkuu, kuna jambo hamjalisema. Ukaguzi ukitangazwa mapema, jengo linavalishwa. Nilikuwa nafanya kazi ya nyaya kwenye jengo moja la biashara, siku moja kabla ya wakaguzi ikaja pikapu imejaa mitungi ya kuzimia moto, ikatundikwa ukutani. Mitungi miwili ilikuwa bado na karatasi ya jengo lingine. Kesho yake jioni pikapu ikairudisha.

Nilipiga picha namba zilizogongwa kwenye mitungi ikiwa ukutani, nikapiga na kuta zikiwa tupu, nikapeleka ofisi ya zimamoto ya wilaya. Walirudi bila taarifa. Mwenye jengo akapewa ilani ya maandishi na muda wa kurekebisha, na safari hii mitungi ni ya kwake.

Mkaguzi_Dar

@FundiUmeme_TZ umefanya kazi ya maana sana. Hata mitungi isiyoazimwa ichunguzwe. Wa unga, tazama mshale wa geji uko kwenye kijani na pini ina lakiri yake. Upindue chini juu usikilize, unga ukiwa umegandamana husikii kitu kikitembea. Wa gesi ya kaboni dayoksaidi hauna geji, unapimwa kwa mizani na uzito wake umegongwa kwenye mtungi. Nimekuta mitungi ya gesi imetundikwa kwa miaka, inang'aa, na ndani haina kitu.

MpangajiSinza

Mimi si mkaguzi, ni mpangaji tu. Ghorofa letu lina ngazi moja na chini yake mwenye duka anaweka mitungi ya gesi ya kupikia, iliyojaa na mitupu pamoja. Moto ukianzia hapo hakuna atakayeshuka. Naogopa kuripoti, mwenye nyumba ataniambia nihame. Nifanyeje?

Matroni_K

Dada, usiende peke yako. Barua isainiwe na wapangaji wengi kadiri mnavyoweza, hapo hakuna wa kufukuzwa.

Mkaguzi_Dar

Pole dada. Namba 114 ni ya moto au uokoaji unaohitajika sasa hivi. Kwa hili nendeni ofisi ya zimamoto ya wilaya. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipatia jeshi hilo mamlaka ya kuingia na kukagua majengo. Andikeni eneo, ngazi ziko ngapi, familia ngapi zinazitegemea, mitungi iko umbali gani na ngazi. Mbebe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mbaki nayo. Ikikaa kimya, mnarudi na ile yenye muhuri, mnaomba kuonana na mkuu wa kituo.

Na mwenye duka mwambieni mapema. Mara nyingi hana pengine pa kuweka. Kama uani kuna nafasi, kizimba cha wavu chenye kufuli kinamtosha, hewa inapita na mwizi haingii.

MpangajiSinza

Uani nafasi ipo. Nimeshaongea na majirani wa ghorofa ya pili, watasaini. Jumamosi tunamfuata mwenye duka kwanza, nitaleta mrejesho.