Mama kumwambia mwanawe "sikutaka kukuzaa": Annie wa Hereditary anastahili lawama?

Kisu Butu
Wakuu, nimeirudia Hereditary ya Ari Aster, ile ya 2018. Kwa ambao hawajaiona, na wasiopenda kuharibiwa utamu waishie hapa: bibi mzaa mama anakufa, kisha mjukuu wa kike, Charlie, ambaye njugu humdhuru, anakula keki yenye njugu kwenye sherehe, koo linafunga, anatoa kichwa dirishani kutafuta hewa na kugongwa na nguzo, anakufa kifo kibaya ndani ya gari linaloendeshwa na kaka yake Peter, halafu nyumba nzima inaharibika. Mwishoni tunagundua bibi alikuwa kiongozi wa kikundi kinachomwabudu pepo aitwaye Paimon, na pepo huyo alikuwa anatafutiwa mwili wa kiume.

Sina shida na pepo. Shida yangu ni usiku ule Annie (Toni Collette) yuko chumbani kwa Peter, neno linamtoka kwamba hakutaka kabisa kuwa mama yake, anajiziba mdomo kwa mikono miwili, na bado yanaendelea kutoka: alijaribu mimba itoke, alifanya kila alichokatazwa, ila mama yake alimshinikiza azae. Mke wangu anasema ni haki yake kusema. Mimi nasema hakuna mtoto anayestahili kusikia hayo. Nyie mnaonaje?

Chachandu
Mleta mada, ile ilikuwa ndoto. Annie anaamka baadaye. Huwezi kumfungulia mtu kesi kwa alichosema usingizini.

Fundi Saa
Maneno yalikuwa ndotoni, ila tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, haikuwa ndotoni. Annie mwenyewe, akiwa macho, anamsimulia Joan, yule mama wa kikao cha wafiwa, kwamba aliwahi kutembea usingizini, akashtuka amesimama kando ya vitanda vya wanawe, yeye na wao wamelowa tina ya rangi, kibiriti mkononi. Peter aliamshwa na mlio wa njiti. Kwa hiyo dogo alikuwa anajua siku nyingi kwamba mama yake ana neno naye. Hakuhitaji kuambiwa.

Jongoo Barabarani
Mimi nilichoka pale mtoto anapoponzwa na keki. Keki jamani! Huku kwetu mtoto anakula kashata asubuhi, mchana karanga za stendi, jioni mchicha wa karanga, na anakua mpaka anaoa. Haya maradhi ya kutunga ya Wazungu ndiyo yanafanya filamu zao zisitutishe.

Mama Wawili
Jongoo, maradhi ya kutunga umeyasomea wapi? Wangu wa pili alikula nusu kashata kwenye shughuli ya jirani. Midomo ikavimba, vipele vikamtoka shingoni, akivuta pumzi unasikia filimbi. Nilimpakata kwenye bodaboda huku namwambia "vuta, vuta hewa mama", na dereva naye analia. Alidungwa adrenalini pajani, ndiyo maana leo nakuandikia bila kukutukana. Unajua wangapi huku wanakwenda hivyo hivyo halafu ukoo unasema karogwa? Nusu nzima ya kwanza ya ile filamu sikuitazama kama sinema.

Jongoo Barabarani
Pole dada yangu. Lakini mmoja wako si Tanzania nzima. Tena Charlie hakuuawa na keki, aliuawa na nguzo.

Chachandu
Na wala hazikuwa karanga. Ni zile njugu zenye mikunjo kama ubongo, kamera inakuonyesha kabisa binti anazikatakata ubaoni jikoni. Mnabishana karanga ukurasa mzima na karanga haimo.

Mama Wawili
Njugu ni njugu, Chachandu. Koo likifunga haliulizi aina. Na nguzo ingemkutaje kama si kutoa kichwa dirishani kutafuta hewa?

Paroko wa Mtaa
Nashangaa hakuna aliyeuliza kwa nini Mkristo anatazama filamu inayoisha na watu wamepiga magoti wakimsifu mfalme wa kuzimu. Milango hufunguliwa hivi hivi. Mtatafuta maombi baadaye.

Fundi Saa
Paroko, umejuaje inavyoisha?

Mtu wa Nakuru
Sasa nyinyi mmeacha swali la jamaa. Mimi naona huyu Annie alinyimwa uamuzi juu ya mwili wake, kisha analaumiwa kwa kusema alinyimwa. Hapa Kenya tulibishana haya haya wakati wa Katiba ya 2010. Ibara ya 26 inasema kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, ama maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu. Makanisa yakapiga kampeni ya La, wananchi wakapitisha. Hata hiyo ibara haimtaji nyanya wa mtoto. Nyanya anaamua kama nani?

Jongoo Barabarani
Tulijua tu. Mkenya hawezi kutazama hata filamu ya kutisha bila kutaja katiba yao.

Mtu wa Nakuru
Si ni afadhali kutaja katiba kuliko kutaja kashata?

Dada wa Makorora
Nimewasoma tangu mwanzo na bado hamjafika penyewe. Hesabuni miili ya ile familia. Annie anasimulia kwenye kikao cha wafiwa: baba yake alijinyima chakula hadi akafa. Kaka yake alijinyonga akiwa na miaka 16, akaacha barua ya kumlaumu mama yao kwamba anamtia watu ndani mwake. Watu wakasema maradhi ya akili, basi. Peter alipozaliwa, Annie alikuwa amekata mguu na mama yake, bibi hakumgusa mjukuu. Akaja Charlie, Annie moyo ukamsuta, akamwachia bibi. Bibi akataka hadi kumnyonyesha yeye. Mtoto mwenyewe anasema bibi alitaka awe mwanamume. Kwa hiyo yule bibi alijaribu mume, akajaribu mwana wa kiume, akamlazimisha binti azae, akachukua mjukuu. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa. Huo ndio urithi wenyewe, na Annie hakuuanza.

Nimezaliwa Tanga, ngoma za pepo nimezikuta. Pepo akimpanda mtu, yule mtu ni kiti chake, sawa. Lakini hata pepo wa kwetu huulizwa jina lake, huulizwa kilichomleta, fundi wa pepo hukaa naye wakapatana: ubani, halua, kitambaa rangi fulani. Mwenye mwili ana sehemu yake katika maafikiano. Paimon alipatana na bibi peke yake. Ndiyo maana mimi naiita filamu ya mama na bintiye zaidi ya filamu ya shetani, na lile neno la Annie chumbani ndilo neno pekee la kweli lililosemwa katika nyumba ile. Kalitamka kwa mwanawe kwa sababu aliyestahili kuambiwa alikuwa kaburini, na mume, yule Steve, alikuwa amekaa tu hana faida kwa yeyote.

Jongoo Barabarani
Hana faida? Bibie, Steve ndiye mtu mzima pekee mle ndani! Anapika, anamfuata mtoto shuleni alipojigonga pua kwenye dawati, anamvumilia mke anayekesha akitengeneza vinyumba vidogo mpaka katengeneza ile ajali ya mwanawe, kichwa na damu na nguzo. Mwanaume anaiangalia, anasema njoo ule, anaondoka. Halafu malipo yake? Kateketea kwa moto sebuleni, mbele ya meko. Tukiwa wapole hatuna faida, tukiwa wakali tunaitwa wakatili.

Dada wa Makorora
Nimeandika aya mbili, umeona neno moja.

Mama Wawili
Steve ni daktari wa akili, aliishi miaka yote na mtu mwenye historia ile ya ukoo, dawa yake ikawa kunyamaza. Makaburini walimpigia simu kwamba kaburi la mkwewe limefukuliwa. Alimwambia mkewe? Aliificha! Ingekuwa mimi ningeondoka siku hiyo hiyo na wanangu.

Jongoo Barabarani
Mwanamke ndiyo kwanza kazika mama yake, wewe unataka apokee habari kwamba maiti imeibwa? Huko ni kumlinda.

Kisu Butu
Hapa namuunga mkono Jongoo. Mimi mwenyewe mama mkwe alipofariki kuna mambo mochwari sikumwambia mke wangu hadi leo. Mume ana wajibu wa kuchuja.

Mtu wa Nakuru
Boss, mkeo si ndiye uliyesema anamtetea Annie? Atasoma hii.

Fundi Saa
Kisu Butu, ulikuja kuuliza Annie aseme au anyamaze, sasa unatetea kunyamaza kwa Steve. Mwanaume akificha anachuja, mwanamke akisema anaumiza mtoto?

Kisu Butu
Usinigeuzie. Kuna ukweli unaomsaidia mtu na ukweli wa kujitua mzigo. Annie alikuwa anajitua.

Chachandu
Annie alikuwa AMELALA.

Mama Wawili
Na tukiwa kwa huyo Steve wenu mchujaji: mwanzoni kabisa, siku ya kuzika bibi, Charlie anatafuna chokoleti, Steve anauliza haina njugu? kwa sababu sindano hawakuibeba. Yaani alijua. Wana mtoto wa hivyo na wanatoka nyumbani bila sindano, siku ya mazishi na siku ya sherehe vilevile. Mimi ya kwangu iko kwenye mkoba hata nikienda gengeni.

Jongoo Barabarani
Nani alimlazimisha Charlie kwenda kwenye ile sherehe? Peter aliomba gari aende peke yake. Charlie mwenyewe hakutaka. Mama ndiye aliyesema lazima. Hayo hamyasemi.

Dada wa Makorora
Afadhali umelitaja. Mtoto amekataa, mkubwa kaamua, mtoto akafa. Rudia tena kusoma aya yangu ya kwanza.

Jongoo Barabarani
Sirudii kitu mpaka ufute "hana faida".

Paroko wa Mtaa
Fundi Saa, nilihadithiwa na kijana wa kwaya.

Fundi Saa
Sawa, Paroko. Huyo kijana alikuhadithia na mchwa... samahani, sisimizi juu ya kichwa cha Charlie barabarani, au alikuchujia?