Mdogo wangu kavimba juu ya goti, daktari anataka picha ya MRI kabla ya kuchukua kinyama cha kupima maabara. Ni lazima?

mama_zuu: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumegawanyika. Mdogo wangu ana miaka 15, tuko Singida, juu kidogo ya goti pamevimba tangu kabla ya Pasaka, tukajua ni mpira, akachuliwa weee haikushuka, sasa usiku analia na homa inakuja inaondoka. Eksirei imeonyesha mfupa wa paja huku chini umeharibika, daktari anasema inaweza ikawa usaha ndani ya mfupa au uvimbe mbaya, kwa picha hiyo tu hawezi kusema. Kaandika rufaa ya MOI (ile taasisi ya mifupa Muhimbili, Dar), MRI kwanza halafu ndo kinyama. Baba mdogo anasema MRI ni kula hela, wakate hapahapa yaishe, bibi naye anasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Tufuate lipi?

kijana_wa_plet: Pole dada. Nafanya kazi chumba cha picha, huyo daktari msikilizeni. Eksirei inaona mfupa, ila haioni vizuri ugonjwa umeenda mpaka wapi kwenye uboho, misuli, mishipa ya damu na ya fahamu, hiyo ni kazi ya MRI. Mkianza kukata, damu na uvimbe wa kidonda vinaingia kwenye picha, msomaji anashindwa kujua kipi cha ugonjwa kipi cha kisu. Na bibi asibezwe, ana hoja: kama ni kansa, njia iliyopita sindano ya kuchukulia kinyama inaondolewa pamoja na uvimbe siku ya oparesheni, ikipitishwa sehemu mbaya mguu ambao ungeokolewa unaweza kukatwa. Ndo maana kinyama kichukuliwe kulekule atakakofanyiwa upasuaji.

Ngosha_halisi: Homa hiyo ni usaha tu, mpigeni antibayotiki za sindano wiki 2, wa kwangu alipona hivyohivyo, hela za MRI mnunue mbuzi 😂

kijana_wa_plet: Mkuu hapana. Kuna kansa ya mifupa ya watoto inaitwa Ewing, inaleta homa na vipimo vya damu vinapanda kama vya usaha, hata kwenye eksirei zinafanana. Tena dawa zikitangulia, maabara wanaweza wasiote mdudu yeyote hata kama kweli ni usaha. Akizidiwa, hilo ni jambo lingine, daktari hatasubiri kuanza dawa. Dada, ana sikoseli?

mama_zuu: Hana, alishapimwa. Kwani inahusiana?

kijana_wa_plet: Sana, wenye sikoseli mfupa unakosa damu unakufa kipande, na hiyo hata kwenye MRI inasumbua kuitofautisha na maambukizi.

bintiDom: Mtapita Dodoma, pale Benjamin Mkapa MRI ipo, ila pigeni simu MOI kwanza muulize kama watakubali picha ya nje msije mkalipa mara mbili. Kama hamna bima nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, msingoje mpaka bili ije. Na ile eksirei msiiache nyumbani!! hata iwe imekunjamana.

mama_zuu: Asante bintiDom. Si kuna MRI tayari, eksirei ya nini tena? Na mionzi je kwa mtoto?

kijana_wa_plet: MRI haina mionzi, ni sumaku, ila mashine inagonga kwa kelele na atalala bila kutikisika nusu saa au zaidi, aambiwe mapema, na kama ana chuma mwilini mseme. Eksirei inaonyesha mfupa mpya unavyoota na chokaa ndani ya uvimbe kuliko MRI, msomaji mzuri anaziweka pamoja. Wakiandika na siti skani ya kifua msishtuke, kansa ya mfupa ikisafiri hukimbilia mapafu, wanahakikisha tu.

mama_zuu: Baba mdogo nimemsomea kanyamaza, jumatatu tunaondoka. Bibi ndo bado anamchua kila jioni.

kijana_wa_plet: Mwambie aache leo hii. Na dogo muombeeni magongo, mfupa ukishaliwa hivyo unavunjika hata akishuka ngazi ya basi.