Ukoo wa Igombe

07:12 Mama Pendo: Bwana asifiwe. Baba Happy hajarudi. Walitoka jana jioni kwenye dagaa, watu wanne, dhoruba ikawakuta saa nane usiku. Wenzao wote wamesharudi mwaloni. Saa kumi jioni tukutane kwa Bibi, tumsifu Mungu.

07:14 Mama Pendo: Boti moja imeenda kutafuta, ya pili haina petroli. Elfu kumi kila nyumba. Nimeshatoa.

07:31 Mama Pendo: Naona mmesoma.

08:40 Kaka Buzuruga: Maboya walivaa?

08:41 Mama Pendo: Boya moja, watu wanne. Vijana wameokota ndoo yake ya bluu, ile yenye jina la Happy alilochora kwa msumari.

08:55 Mjomba Nyakato: Sasa tunasifu nini? Apatikane kwanza.

08:57 Mama Pendo: Mjomba, Daudi alikuwa jangwa la Yuda, roho yake inawindwa, akasema fadhili za Mungu ni njema kuliko uhai. Hakusubiri afike salama. Mimi naogopa, mikono inatetemeka, ndiyo maana nataka tuimbe.

09:03 Dogo Kishiri: Chapati zitakuwepo? 😂

09:04 Shangazi Nyegezi: Za Pasaka ulimaliza wewe

09:04 Dogo Kishiri: 😂😂

09:05 Mama Pendo: Jamani PETROLI

09:20 Mjomba Nyakato: Natuma. Ila msiba wa Ukara 2018 turubai lilikuwa langu, mpaka leo silioni.

09:22 Shangazi Nyegezi: Lilirudi.

09:22 Mjomba Nyakato: Lilirudi kwa nani?

10:16 Pendo: Bibi kaniambia niandike. Anasema: Wanangu, 21 Mei 1996 babu yenu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama. Jioni ile sikujua yu hai au amekufa, nikaimba. Sikuimba ili nirudishiwe. Sifa si nauli. Nilimwimbia Yule aliyekuwa naye majini, mahali mimi nisipofika. Babu yenu yuko makaburini Igoma, na wimbo ule sijaujutia. Njooni.

11:48 Kaka Buzuruga: Amina Bibi. Nimetuma ishirini.

11:50 Dogo Kishiri: Nisamehe Bibi. Nakuja na ngoma.

12:05 Mjomba Nyakato: Nakuja. Turubai tutaongea.

12:09 Mama Pendo: Boti ya pili imetoka. Nani anamleta Bibi wa Kayenze?

12:30 Mama Pendo: Nani?

13:02 Shangazi Nyegezi: Kwani ni kwa Bibi au mwaloni? Happy hataki kuondoka pale.

13:04 Happy: Niko hapa. Nimeishika ndoo. Imbieni huku.